Nimeuficha ukurasa mmoja wa majibu ya dada yangu

Mama, shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Dada yangu mkubwa ana miaka 47. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, dada ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka kidato cha nne, kwa hiyo nikisema dada elewa ni kama nasema mama.

Alianza kutokwa na damu kila baada ya kukutana na mumewe, akanyamaza. Aliniambia pale damu ilipoanza kutoka hata siku za kawaida, pamoja na majimaji yenye harufu. Tukaenda hospitali, wakamchukua kinyama, majibu yakasema ni saratani ya mlango wa kizazi. Picha zilipopigwa daktari akasema ni hatua ya IIB, yaani umeshatoka nje kidogo ya mlango wa kizazi. Yote hayo dada anayajua. Alilia siku hiyo, kesho yake akaamka akafagia uwanja.

Kisha daktari akaomba kinyama kifanyiwe kipimo kingine, kwa nyongeza. Majibu yalipotoka nikatumwa mimi. Bahasha ilikuwa na kurasa tatu. Mbili zilirudia yale tuliyoyajua. Ya tatu iliandikwa p16 chanya, tena imeshika rangi kwa nguvu, na chini yake Ki-67 asilimia 85.

Nilikaa kwenye benchi nje ya maabara nikatoa simu. Kwanza nilidhani ugonjwa umeshamla asilimia 85. Nikazidi kusoma, nikakuta kwamba hizo ni protini za seli zinazogawanyika, na kwamba zikiwa nyingi mgonjwa haishi sana. Kulikuwa na mchoro wenye mistari miwili, mwekundu na wa bluu, na mwekundu ulikuwa unaporomoka. Nikakutana na majina mengine, MCM2, CDC20, PLK1, TOP2A, na kila moja lilikuwa na mistari yake miwili. Nikauchomoa ule ukurasa wa tatu. Sasa hivi uko kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya bobini. Dada nilimpa kurasa mbili.

Anatakiwa kwenda Dar kuanza mionzi pamoja na dripu. Yeye mwenyewe kasema, "Wakiniambia nitapona nitaenda. Wakiniambia ni kupoteza muda, niacheni nibaki na wanangu." Akiuona huo ukurasa najua hataenda. Lakini juzi, akiwa amevaa miwani, aliniuliza, "Mbona hapa chini wameandika ukurasa wa 2 kati ya 3?" Nikamjibu labda wamekosea kuchapa. Hakusema kitu. Tangu hapo sipati usingizi.

Kuna mengine. Shemeji aliiona simu yangu, akasoma kwamba p16 inahusiana na kirusi kinachoambukizwa kwa ngono. Hajamtuhumu dada kwa mdomo, ila amehamia kulala sebuleni. Na binamu yetu aliyeko Muscat anasema tusikimbilie mionzi, tupeleke kwanza bloku ya kinyama India, zipimwe protini zote, tujue kama tiba itasaidia au itamtesa bure. Gharama na usumbufu wake ni kama milioni nne. Nina akiba kidogo, na kaka zangu wanabishana kama tuuze kiwanja cha marehemu mama.

Nimwambie dada au ninyamaze? Tupeleke bloku? Na je, mimi mwenyewe, na binti yake wa miaka 12, tuko salama?

Mdogo mtu, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana. Dada aliyekulea anaumwa, na wewe ndiye umebeba karatasi ambayo unaamini ina tarehe ya kifo chake. Shemeji anaitazama kwa jicho lake, binamu kwa lake, kaka zako wanahesabu kiwanja. Na mwenyewe ambaye nyama ni yake hajaiona. Naomba tuanze na hiyo karatasi, kwa sababu hofu yote katika barua yako imesimama juu yake, na sina hakika kama inasema ulichokisoma.

Kile kinyama kiligandishwa ndani ya nta, na hiyo ndiyo bloku anayoizungumzia binamu. Fundi wa maabara akakikata vipande vyembamba sana, akaviweka kwenye kioo, akavimwagia kingamwili inayonasa protini moja tu. Ilipo protini hiyo panageuka rangi ya kahawia, penginepo panabaki bluu. Mwanapatholojia akatazama kwa hadubini. Kwa Ki-67 aliangalia katika kila seli 100 za uvimbe ni ngapi zina kiini cha kahawia. Protini hiyo inakuwepo seli ikiwa katika mzunguko wa kugawanyika, na inatoweka seli ikipumzika. Kwa hiyo asilimia 85 maana yake ni kwamba katika kipande kile, seli 85 kati ya 100 hazikuwa zimepumzika. Haisemi ugonjwa umefika wapi, na wala haihesabu uwezekano wa kufa. Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hugawanyika kwa kasi, na namba kubwa kama hiyo haimshangazi daktari anayeitibu.

Sasa p16. Kirusi cha HPV, kile alichokisoma shemeji, kikikaa miaka mingi ndani ya seli hutengeneza protini mbili zinazoharibu ulinzi wake: E6 inaiangamiza p53, protini inayoilinda seli isiharibike, na E7 inaibana protini iitwayo Rb ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Seli inajaribu kujizuia kwa kutoa p16 kwa wingi, lakini ni kama dereva anayekanyaga breki ambayo waya wake umeshakatika. Ndiyo maana p16 inaonekana nyingi. Ni alama kwamba saratani hii imetokana na HPV, kama zilivyo karibu zote za mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2020 uainishaji wa Shirika la Afya Duniani unazitenga saratani za aina hii zinazotokana na HPV na zile chache zisizotokana nayo, na hizo chache ndizo ambazo kwa jumla huwa na matokeo mabaya zaidi. Umeona tulipofika? Neno la kwanza kwenye ukurasa ule uliouficha, p16 chanya, unamweka dada yako katika kundi ambalo kwa jumla hali yake ni afadhali.

Kuhusu ile mistari miwili. Sitaki nikuambie ni uongo, kwa sababu si uongo. Watafiti wanazichunguza protini za kugawanyika kwa seli kwa nia njema: wanataka kujua mapema ni mgonjwa gani anahitaji tiba kali zaidi, na wanatafuta mahali pa kuipiga saratani. Ila ujue mchoro ule unatengenezwaje. Tafiti nyingi unazozikuta kwenye simu hutumia hifadhi moja ya takwimu ya Marekani yenye wagonjwa takriban 300 wa saratani hii, na zaidi ya nusu yao walikuwa hatua ya kwanza. Mtafiti anachukua protini, au jeni inayoitengeneza, anawagawa wagonjwa katikati, wenye nyingi huku, wenye chache kule, kisha anachora ni wangapi katika kila kundi wanabaki hai kadiri muda unavyopita. Kila ngazi inayoshuka ni mwanamke aliyefariki. Vile vialama vidogo juu ya mstari, kama uliviona, ni wanawake waliokuwa hai mara ya mwisho walipofuatiliwa. Kule mwisho, upande wa kulia, wamebaki wachache, na kifo cha mmoja tu kinauporomosha mstari. Katika mstari mwekundu uliokunyima usingizi wamo wanawake walioishi miaka mingi, na katika ule wa bluu wamo waliokufa mapema.

Tena kwa Ki-67 tafiti hazikubaliani. Baadhi zimeona ikiwa nyingi mambo ni mabaya, nyingine hazikuona tofauti, na zipo zilizoona kwamba kwa wanaotibiwa kwa mionzi, uvimbe wenye seli nyingi zinazogawanyika uliitikia vizuri zaidi. Hili la mwisho lina mantiki yake: mionzi inakata vinasaba vya seli, na seli iliyokatwa hivyo mara nyingi hufa pale inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana hatua za saratani hii hazipangwi kwa Ki-67, na mionzi haitolewi wala kunyimwa mtu kwa sababu ya namba hiyo.

Yanayosukuma maisha ya dada yako kwa uzito zaidi ni mengine, na mengi hayapo kwenye ukurasa wa tatu. Ukubwa wa uvimbe. Kama ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu. Wingi wa damu, na wewe umeniambia amekuwa akitokwa na damu, kwa hiyo damu ipimwe na aongezwe kama daktari ataona inafaa. Figo, kwa sababu dawa ya dripu itakayoambatana na mionzi, sisplatini, inategemea figo nzima. Hali ya VVU, kwa sababu mwenye VVU anahitaji dawa zake ziende sambamba. Halafu lipo moja ambalo familia ina mkono wake: kumaliza tiba bila kukatiza. Mionzi ya nje huchukua kama wiki 5, kisha mionzi ya ndani, inayopelekwa kupitia ukeni hadi kwenye uvimbe, na madaktari hujitahidi yote yaishe ndani ya wiki 8, kwa sababu ikivutwa zaidi ya hapo uwezekano wa kuushinda ugonjwa unapungua. Hatua ya IIB ni ugonjwa mzito, sitakuficha. Lakini bado hutibiwa kwa nia ya kuponya, na mahali ambapo tiba hii inatolewa kamili, zaidi ya nusu ya wanawake wa hatua hiyo huwa hai miaka 5 baadaye.

Nimekaa muda mrefu kwenye karatasi kwa sababu swali lako la kwanza, nimwambie au ninyamaze, linabadilika sura kulingana na unachoamini kimeandikwa. Ulidhani unamficha hukumu. Huenda unamficha jambo ambalo akieleweshwa na daktari lingempa nguvu ya kupanda basi.

Najua desturi yetu. Mgonjwa anakingwa, habari nzito zinabaki kwa watu wazima wa nyumba, na hilo linafanywa kwa upendo. Sikulaumu hata kidogo. Lakini dada yako ndiye mtu mzima wa nyumba hiyo. Na soma tena ulichoniandikia: amevaa miwani, amesoma mpaka chini ya karatasi, ameona kurasa ni tatu, akakuuliza, akanyamaza. Mimi naona mtu anayejua kuna kitu, na anakusubiri. Huenda ukimya wako anaujaza na jambo baya kuliko lililoandikwa. Unaamini akijua atakataa tiba. Inawezekana. Inawezekana pia anayumba kwa sababu anawaona nyote mnamkwepa macho.

Ukiendelea kunyamaza, utapata labda siku za utulivu, na pengine ataenda Dar bila kusita. Hatari yake ni kwamba daktari wa mionzi atafungua faili na kuutaja ukurasa wa tatu mbele yake, na hapo kitakachomuumiza hakitakuwa Ki-67. Ukimwambia peke yako nyumbani jioni, utatua mzigo, lakini maswali yatakayofuata huenda usiwe na majibu yake, na usiku ni mrefu. Njia nyingine ni kwenda naye kwa daktari mkiwa na kurasa zote, ukamwambia kabla ya kuingia kwamba huu ulibaki kwako kwa sababu uliogopa, halafu daktari aeleze. Ipo pia ya kumuuliza yeye kwanza: "Dada, majibu unataka uyajue yote, au unataka niyasikilize mimi niwe nakuambia ya lazima tu?" Wapo wagonjwa wanaochagua la pili, na ni haki yao. Tofauti ni kwamba hapo wamechagua wenyewe. Njia ipi inamfaa, wewe uliyelelewa na mikono yake unamjua kuliko mimi.

Ombi langu moja ni hili: vyovyote utakavyoamua kuhusu dada, daktari aupate huo ukurasa. Ile p16 inamsaidia kuthibitisha aina ya saratani anayoitibu, na asipouona anaweza kuagiza kipimo kirudiwe, muda ukapotea.

Kuhusu bloku, namheshimu binamu yenu kwa kuwa anajali akiwa mbali. Muulizeni kwa upole swali moja: majibu yakirudi kutoka India yakisema PLK1 nyingi au CDC20 nyingi, tutafanya nini tofauti? Hakuna dawa ya kuzuia hizo protini inayotumika kwa kawaida kutibu saratani hii, na hakuna daktari atakayemnyima mionzi kwa ajili yake. Kuna protini nyingine, PD-L1, ambayo hupimwa wakati mwingine ili kuamua kama itumike dawa inayousaidia mfumo wa kinga wa mwili kupambana na saratani, kwa ugonjwa uliorudi au uliosambaa. Hiyo si ya mambo ya kugawanyika kwa seli, na ikihitajika daktari wenu ataiomba. Kupeleka bloku nje kuna faida moja halali, ya kupata jicho la pili kama mna shaka na majibu yenyewe. Kama ni hilo, ulizeni kama inaweza kufanyika huku tiba ikiendelea. Hatari ninayoiogopa ni kusubiri. Na upande wa pili wa mizani zipo wiki 8 za Dar: nauli, chumba, chakula, mtu wa kukaa naye. Mionzi inatolewa hospitali ya Ocean Road hapo Dar, na pia Bugando kule Mwanza, na wagonjwa wengi hukatiza kwa kukosa pa kulala kuliko kwa kukosa protini ya kupima. Pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, mwulize habari za malazi na msamaha wa gharama, kabla ya kuzungumzia kiwanja.

Niruhusu nikutajie mtu mmoja. Mwaka 1951, huko Baltimore, mama wa watoto watano aitwaye Henrietta Lacks alitibiwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Alikuwa na miaka 31, akafariki mwaka huohuo. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, na mpaka leo zinagawanyika katika maabara za dunia nzima. Mengi tunayoyajua kuhusu seli inavyogawanyika yalijifunzwa kwenye seli zake. Familia yake ilikuja kujua zaidi ya miaka 20 baadaye. Kila ninapomkumbuka nafikiria wanawake ambao nyama yao inajadiliwa na kila mtu isipokuwa wao. Kikao chenu cha bloku na kiwanja, dada amewahi kukalishwa?

Shemeji naye anaumia, mwanangu, ila anaumia kwa habari nusu. HPV ni kirusi ambacho watu wengi waliowahi kushiriki tendo la ndoa, wake kwa waume, hukipata wakati fulani, na wengi mwili hukiondoa bila wao kujua. Kinapobaki, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kuwa saratani. Hakuna kipimo, si p16 wala kingine, kinachoweza kusema kilitoka kwa nani wala lini. Huenda kilikuwepo kabla hawajaoana, kwa yeye au kwa mkewe. Asisikie haya kutoka kwako, itakuwa kama unamtetea dada. Aende naye kliniki, aambiwe na daktari au muuguzi mwanaume kama yupo. Dada atahitaji mume huyo wiki zile za mionzi, kuliko hata atakavyokuhitaji wewe.

Na wewe. Saratani hii hairithiwi kama rangi ya macho, kwa hiyo ugonjwa wa dada si hukumu kwako. Lakini una miaka 34, umri ambao kila mwanamke anapaswa kupimwa, awe na dalili au asiwe nazo. Kipimo cha siki kinafanyika vituo vingi vya afya, na penye kipimo cha HPV ni bora zaidi. Madoa ya awali yakionekana mara nyingi yanatibiwa papo hapo, kabla hayajawa saratani. Binti wa miaka 12 yumo katika umri wa chanjo: Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, na mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja. Angalia kadi yake, au uliza shuleni kwao kama alikuwepo siku wenzake walipochanjwa. Kama aliikosa, uliza kituo cha afya kilicho karibu kama kitamchanja, na hilo unaweza kulifanya hata wiki hii, kabla ya safari ya Dar.